Mizani Haijui Kusubiri

Najua nimekuwa kimya tangu msimu wa kahawa uanze, na kuna walioniuliza kama nimehamia Nairobi kama wenzangu. La, nipo hapa hapa Kerugoya. Nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha kahawa si mbali na mjini, nikitafuta nusu kilo.

Naam, nusu kilo! Na nimeitafuta kwa wiki mbili.

Mambo yalianza hivi. Cucu mmoja alileta kahawa yake jioni, gunia likawekwa kwenye mizani, akasoma namba kama anavyofanya siku zote: 46.5. Karani akabonyeza kompyuta, risiti ikatoka: 46.0. Yule cucu hakuondoka. Alimwambia karani, "Kijana wangu, mizani imesema na nusu. Karatasi yako imeila." Karani akamjibu kwa heshima kwamba kompyuta haidanganyi. "Sijasema inadanganya," akasema, "nimesema imekula." Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, meneja akaitwa, na meneja akanipigia mimi simu. Kwa nini mimi? Kwa sababu programu inayosoma mizani ile niliiandika mwenyewe.

Kusema kweli nilienda pale nikiwa na hakika kwamba mzee wa watu amesoma vibaya. Nilipofika nikakuta karani ana daftari ambalo huandika kwa mkono, la kujikinga siku stima ikipotea. Tukakaa tukalinganisha daftari na kompyuta ukurasa kwa ukurasa. Siku nyingi zilikuwa sawasawa. Lakini hapa na pale, hasa jioni, kompyuta ilikuwa imepunguza: nukta tatu imekuwa nukta sifuri, nukta nane imekuwa nukta sifuri. Haijaongeza hata mara moja. Karani akaniambia pia kwamba mara kwa mara kompyuta huonyesha kilo 4 wakati gunia ni la 40 na kitu, naye hupima upya tu, "kwa sababu mizani inachoka." Mizani haichoki jamani.

Tuseme kilo inalipwa shilingi 100. Nusu kilo ni shilingi 50. Meneja aliona ni kitu kidogo, na kwa kiwanda ni kidogo kweli. Lakini hizo hamsini ni za mtu aliyechuma punje moja moja tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyezichukua bila kujua. Basi leo nataka kuwaeleza zilipotelea wapi, na kwa nini nimebadili msimamo wangu juu ya mashine pepe, kitu ambacho nimekihubiri hapa miaka yote.

Kwanza, mpango ulivyokuwa. Zamani kiwanda kilikuwa na kompyuta tatu nzee: ya hesabu, ya orodha ya wanachama, na ya mizani. Nikawashauri wanunue seva moja ndogo, tuweke Linux na KVM, halafu zile tatu ziwe mashine pepe ndani yake. Bili ya stima inapungua, UPS ni moja, na nakala za usalama zinachukuliwa kila jioni bila mtu kukumbuka. Ushauri mzuri, na sehemu kubwa bado nauamini. Mizani yenyewe inazungumza kwa waya wa siriali wa kizamani, kwa hiyo tukanunua kadi ya siriali ya bei nafuu, na hiyo kadi nikaikabidhi moja kwa moja kwa mashine pepe ya mizani. Yaani mashine mwenyeji haiigusi. Mgeni anaiona kama yake. Nilijivunia sana jambo hilo. Nilifikiri nimepunguza watu wa kati.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni makatizo. Wengine huyaita intarapti. Kifaa chochote kikiwa na jambo, iwe kibodi, diski, kadi ya mtandao au poti ya siriali, kinapiga hodi kwa prosesa. Prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaingia kwenye kerneli, kerneli inafungua mlango na kupokea kilicholetwa, kisha kazi ya kwanza inaendelea pale ilipoachwa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu iitwayo 8259A ya kupokea hodi hizo, milango 8 tu. Ile ya mwaka 1984 ikafungwa chipu mbili zikatoa milango 15 ya kutumika. Leo milango ni mingi mno na chipu ile imemezwa na nyingine, lakini mtindo haujabadilika. Hodi, karibu, endelea.

Ndani ya mashine pepe jambo hili linakuwa gumu kidogo. Kifaa ni kimoja, wageni ni wengi, na mgeni haruhusiwi kushika prosesa atakavyo. Hodi inapopigwa anayeisikia ni mwenyeji. Mwenyeji anamsimamisha mgeni aliyekuwa akifanya kazi, anaangalia hodi ni ya nani, kisha anamwachia mhusika ujumbe: "ukirudi, kuna mtu mlangoni kwako." Mgeni akipewa zamu yake kwenye prosesa ndipo kerneli yake inaamini kwamba hodi imepigwa sasa hivi. Haijui kwamba imepigwa kitambo. Kwa hesabu yake yeye, hakuna muda uliopita.

Hebu tuhesabu, maana hapa ndipo nusu kilo ilipopotelea. Mizani hutuma herufi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi inachukua biti 10 pamoja na ile ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo ni herufi 960 kwa sekunde, karibu milisekunde moja kwa kila herufi. Chipu ya siriali iliyo kwenye kadi, ya jamii ya 16550A, ina bafa ya herufi 16 tu. Kwa kawaida Linux huiambia ipige hodi bafa ikifika herufi 8, hivyo tangu hodi ipigwe zinabaki nafasi 8. Milisekunde 8 na kidogo! Kerneli isipokuja ndani ya muda huo, herufi inayofuata haina pa kukaa. Inaanguka.

Kwenye kompyuta halisi, hata ile nzee tuliyoitupa, milisekunde 8 ni muda mrefu sana. Kerneli huja baada ya mikrosekunde chache. Lakini mashine pepe yetu ilikuwa ikigombania prosesa yenye kori mbili na wenzake wawili, na jioni nakala za usalama zilikuwa zikianza wakati magunia ya mwisho bado yako kwenye foleni. Mgeni kukosa zamu kwa milisekunde 20 au 30 si ajabu hata kidogo katika hali hiyo. Waliotumia Xen watakumbuka kwamba kipanga-zamu chake cha miaka mingi kilitoa zamu za milisekunde 30. Kweli kilikuwa na ujanja wa kumpandisha foleni mgeni aliyekuwa amelala akaamshwa na hodi. Lakini mgeni aliyekuwa tayari ana kazi nyingine, kwa mfano anachapa ripoti, hakupandishwa. Alisubiri kama wengine. KVM haipangi zamu kwa njia hiyo, ila tatizo la mwenye kazi nyingi ni lile lile, na mashine yetu ya mizani jioni ilikuwa ndiyo inajumlisha hesabu za siku.

Mstari wa mizani unakuja hivi: alama ya kwamba uzito umetulia, alama ya kujumlisha, namba, kisha kg. Programu yangu ilitafuta alama ya kujumlisha, ikasoma tarakimu na nukta mpaka ikutane na kitu kisicho tarakimu. Kama herufi zimeanza kuanguka baada ya 4, inasoma kilo 4, karani anashangaa na kupima upya. Kama zimeanza kuanguka baada ya nukta, inasoma "46." na kuhesabu 46.0. Hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana haikuongeza hata siku moja. Mkia wa namba ndio uliokuwa ukikatwa. Uvivu huo ni wangu. Sikupima urefu wa mstari, sikudai kg iwepo mwishoni. Hilo nalikubali mbele yenu wote.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Kerneli ilikuwa imesema. Kwenye kumbukumbu za mashine ya mgeni kulikuwa na mistari ya "input overrun", yaani herufi zimefurika, jioni baada ya jioni. Na ndani ya faili /proc/tty/driver/serial, kwenye poti ile, kulikuwa na hesabu iitwayo oe, ambayo ndiyo hesabu ya mafuriko hayo. Ilipaswa kuwa sifuri. Haikuwa sifuri. Hakuna aliyefungua faili hilo tangu tufunge mashine, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa, mtu atasema: mbona dunia nzima inakaa kwenye mashine pepe? Benki, simu, tovuti, kila kitu. Huduma ya EC2 ya Amazon iliyoanza mwaka 2006, ambayo sehemu kubwa ilijengwa na kikundi cha wahandisi waliokuwa Cape Town, hapa hapa Afrika, ilianza juu ya Xen na imebeba nusu ya vitu tunavyovijua. Je, hizo hazipotezi herufi?

Zinapotea! Ila hakuna anayejua, kwa sababu upande wa pili hurudia. Pakiti ya mtandao ikianguka kwa kuwa mgeni hakuwa kwenye zamu, TCP huituma tena. Diski ikiulizwa na jibu likachelewa, data bado ipo kwenye diski, haijaenda popote. Karibu kila tunachokiweka kwenye mashine pepe ni kitu kinachojua kusubiri au kurudia, na mafanikio hayo yametufanya tuamini kwamba kila kitu kiko hivyo. Mizani haina TCP. Inasema mara moja, haiulizi kama umesikia, inaendelea na mstari unaofuata. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo leo: swali la kwanza kabla ya kuweka kazi kwenye mashine pepe lisiwe "inahitaji kori ngapi na RAM kiasi gani," liwe "kifaa hiki kisiposikilizwa sasa hivi, kitarudia?" Kama hakirudii, kisimfikie mgeni moja kwa moja.

Rafiki yangu mmoja wa Nyeri, fundi mzuri kuliko mimi, hakukubaliana nami hata kidogo. Tulibishana kwa simu mpaka pesa ikaisha. Hoja yake: haya yametatuliwa zamani. Mwaka 2012 watafiti wa IBM na wa Technion kule Israel walionyesha njia ya kumfikishia mgeni makatizo bila mwenyeji kuingilia, wakapata asilimia 97 hadi 100 ya kasi ya mashine halisi kwenye kazi ngumu za mtandao. Kuanzia mwaka 2013 Intel wakaanza kuweka ndani ya Xeon zao mbinu ya namna hiyo kwenye silikoni yenyewe. Anasema ukweli, na kazi ile ni nzuri ajabu. Kabla ya hapo, kila katizo lilimtoa mgeni nje kwenda kwa mwenyeji, na mara nyingi alitolewa tena kwa ajili ya kusema tu "nimemaliza." Kwa kadi ya mtandao inayopiga hodi maelfu ya mara kwa sekunde, hilo lilikula prosesa kweli kweli.

Lakini angalia mbinu hiyo inatatua nini. Inaondoa gharama ya kumtoa mgeni nje wakati yuko kwenye prosesa. Asipokuwepo kwenye prosesa, hodi inaandikwa mahali na kusubiri, kama zamani. Huwezi kumfikishia ujumbe haraka mtu ambaye hayupo nyumbani. Tena kadi yetu ya bei nafuu ilitumia waya wa zamani wa makatizo, ule wa kushirikiana, ambao hauwezi kupita kwenye njia hiyo mpya hata kidogo. Mwenyeji analazimika kuufunga kila hodi ikipigwa na kuufungua mgeni anapomaliza. Kwa hiyo kuikabidhi moja kwa moja hakukuondoa watu wa kati hata mmoja.

Na kuna kichekesho hapa ambacho nimekigundua nikiwa nimechelewa. Kama ningetumia ile njia ninayoidharau, ya mwenyeji kushika poti halisi na kumpa mgeni poti ya kuigiza, herufi zisingepotea! Kerneli ya mwenyeji yenyewe ndiyo ingejibu hodi, papo hapo, maana yeye hasubiri zamu ya mgeni yeyote. Ingeziweka herufi kwenye kumbukumbu yake yenye nafasi ya kutosha, na mgeni angezisoma akirudi, zimechelewa lakini zimekamilika. Njia ndefu ndiyo ilikuwa salama. Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa. Tunapenda sana neno "moja kwa moja."

Rafiki yangu akasema basi mpe mgeni kori yake peke yake, mfunge hapo, hakuna mwingine kugusa. Inafanya kazi, nimejaribu, mafuriko yaliisha usiku huo huo. Lakini seva ina kori mbili! Nikimpa mizani moja, wengine wote wanabanana kwenye moja iliyobaki, pamoja na mwenyeji mwenyewe. Tumenunua seva kuokoa gharama kisha tunakodisha nusu yake kwa kazi ambayo kompyuta ya mwaka 1990 na kitu ingeifanya ikisinzia. Halafu mwakani meneja atamwita fundi mwingine aongeze mashine pepe ya kamera za ulinzi, yule fundi atafuta ufungaji wangu bila kujua ulikuwa wa nini, na hakuna kitakachopiga kelele. Nusu kilo zitaanza kupotea tena kimya kimya. Mimi sipendi mpango ambao ukiharibika hauna dalili, na anayelipia ni mtu ambaye hajui hata kwamba kuna seva.

Tulichofanya ni hiki. Mizani sasa imeunganishwa na kompyuta ndogo ya bodi moja, mbichi, bila haipavaiza yoyote, iliyofungwa ukutani juu ya karani pamoja na betri yake. Kazi yake ni moja: inajibu hodi za mizani, inakagua kwamba mstari umekamilika mwanzo hadi mwisho, inaweka namba ya mfululizo, saa, na jumla ya kukagulia, inaandika kwenye kadi yake, ndipo inatuma kwa seva kwa mtandao. Seva isipojibu kwamba imepokea, inatuma tena. Kwa maneno mengine tumeipa mizani ile tabia ya kurudia ambayo haikuzaliwa nayo, na tumeipa mahali ambapo muda ni muda. Mashine pepe ya mizani bado ipo kwenye seva, ila sasa inapokea ujumbe, si hodi. Ikikosa zamu kwa sekunde nzima, risiti inachelewa sekunde nzima, basi.

Kama wewe msomaji una mashine pepe inayoshika kifaa halisi, iwe mizani, kisoma-kadi cha lango au kipimo cha maziwa, fanya mambo haya kabla hujalala. Fungua /proc/interrupts mara mbili kwa kupishana sekunde chache, uone hodi zinaongezeka kwenye mstari wa kifaa chako na kwenye kori ipi. Ukiendesha top, tazama herufi st kwenye mstari wa prosesa: huo ni muda ambao mgeni alitaka kufanya kazi akanyimwa zamu. Ikiwa si sifuri na una kifaa kisichorudia, una tatizo hata kama hujaliona. Na kama ni siriali, lile faili la oe. Usitazame asubuhi mashine ikiwa imetulia. Tazama saa ya nakala za usalama.

Kuhusu zile nusu kilo: tulipitia daftari la karani lote la msimu, mimi, yeye na mhasibu, tukarekebisha kila mahali palipotofautiana, na wanachama wakaongezewa kwenye malipo. Malipo ya kazi yangu ya wiki mbili sikudai. Bado ninasumbuka na siku chache ambazo karani alikuwa ameenda matanga na aliyemshikia hakuandika daftari. Siku hizo hakuna cha kulinganisha nacho. Nimeiambia kamati hivyo hivyo, kwamba sijui.

Jumamosi nilipita pale kuangalia kile kikompyuta cha ukutani. Oe haionekani kabisa. Cucu alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Alisoma mizani, akasoma risiti, akakunja risiti akaiweka kwenye leso bila kuniangalia.